Jembe Uwanjani kwa Banza

Banza Mukalay alilisikia jembe kabla hajafumbua macho. Lilikuwa linakata karibu, kwa mwendo wa mtu aliyezaliwa nalo mkononi: kha, kha, pumzi, kha. Akasikiliza tena, ajidanganye kwamba liko kwa jirani. Halikuwa kwa jirani. Lilikuwa uwanjani kwake.

Aliruka kitandani, akagonga goti kwenye cherehani, akasogeza pazia kwa kidole kimoja. Kulikuwa kunapambazuka, na baridi ya mwezi wa tano ilikuwa imelala juu ya mtaa wa Chini ya Moshi kama shuka ambalo halikukauka. Pale nje, kitenge amekikaza kiunoni mafundo mawili, mgongo umepinda, mama mkwe wake alikuwa analima nyasi. Alikuwa ameshamaliza mistari minne.

Zilikuwa nyasi fupi, ngumu, zenye vichwa vyembamba kama kope. Asili yake ni vilima vya shaba nje ya Lubumbashi, kule ambako hata magugu hukataa kuota. Watu wa chuo walikwenda kuzichimba na mizizi yake, wakauchanganya udongo wa Banza na chokaa na samadi, wakazipanda mistari kumi mvua za kwanza ziliponyesha. Kazi ya nyasi hizo ilikuwa kuushika udongo. Bomba la kiwanda lilikuwa limeumwagia mtaa moshi miaka themanini, na siku lilipozimwa, madini ya risasi yaliyoshuka na moshi ule hayakuzimwa nalo. Yalibaki kwenye udongo wa juu, yakingoja upepo, ufagio na vidole vya watoto. Nyasi za vilimani zilikuwa na uzoefu wa kuishi na adui huyo. Zilimfunga kwenye mizizi na kumfunika, vumbi likakosa njia ya kuruka.

Solange, mtoto wa pekee wa Banza, aliyepatikana baada ya miaka saba ya kungoja, alipopimwa damu kabla ya nyasi alikutwa na kipimo cha risasi cha thelathini na nane. Baada ya nyasi, ishirini na saba. Nesi alizungushia ile ishirini na saba duara kwa kalamu, akasema, "Inashuka. Lakini nisikufiche, Baba Solange. Ikipanda tena, huyu hawezi kuendelea kukaa pale. Itabidi mmtoe." Banza akajibu kwamba mtoto wake haendi popote, na kama ni lazima atalala juu ya zile nyasi yeye mwenyewe kama kuku anayeatamia.

Jembe likakata mstari wa tano.

Mtu wa mahali pengine angefungua mlango na kusema, mama, acha. Banza hakuweza. Mama Numbi alikuwa amemzaa mke wake, na mwanamume haongei na aliyemzaa mke wake, hamwangalii usoni, na akikutana naye njiani anaingia vichakani mpaka apite. Katika miaka kumi ya ndoa alikuwa ameuona mgongo wake mara tatu, na uso mara moja tu, kwenye picha ya arusi, na hata humo alikuwa ameshaanza kugeuka.

Alikuwa amefika jana jioni kwa treni ya Bukama, ile ambayo mwanamke akiipanda akiwa na mimba hushuka akiwa na mtoto wa kutumwa dukani. Safari hii ilikuwa imechelewa siku nne tu. Kwa sababu hawezi kulala chini ya paa moja na mkwewe, akapelekwa kulala kwa jirani, Mama Odeta. Na Mama Solange, mke wa Banza, aliyekuwa amwambie habari za nyasi, akasema atamwambia asubuhi, kisha asubuhi akawahi foleni ya mashine ya kusaga. Mtu pekee aliyebaki nyumbani mwenye habari zote alikuwa ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa kuzisema.

Banza akakohoa. Akakohoa kikohozi kikubwa, cha mtu anayeomba kuzikwa. Mama Numbi alisikia. Kwa heshima zote akaligeuzia dirisha mgongo na kuongeza kasi, maana alidhani mkwe amebanwa na anataka apishwe aende chooni.

Akawasha redio. Kwaya ikaimba. Jembe likaifuata kwaya, likawa linakata vizuri zaidi.

Akatoka kwa dirisha la nyuma, akatua kwenye beseni la vyombo, akavua kandambili na kuirusha juu ya bati la Mama Odeta.

"Nani anavunja nyumba yangu?"

"Ni mimi. Mama Odeta, nakuomba, nenda umwambie mama aache."

Kichwa cha Mama Odeta kikatokea juu ya ukuta, kitambaa bado hakijafungwa. "Aache nini? Mzee wa watu anawaondolea aibu. Jana aliniuliza kama binti yake anaumwa, maana ule uwanja si wa mwanamke mzima. Nikamwambia ni mzima, mumewe tu ndiye anafuga majani."

Katika Chini ya Moshi uwanja ni udongo mtupu, unafagiwa kila alfajiri mpaka mistari ya ufagio ionekane kama nywele zilizochanwa. Uwanja wenye nyasi maana yake mwanamke amekufa au mwanamume amekuwa mlevi. Tangu mvua, wateja walisimama langoni wakimpa Banza vitambaa kwa kunyoosha mkono, wakiogopa nyoka. Mmoja alikuwa ameuliza ng'ombe wanafika lini.

"Ni dawa zile," Banza akanong'ona. "Unajua ni dawa. Walipokuja watu wa chuo ulikuwepo, ulikunywa hata soda yao."

"Nilikunywa soda. Sikusema nimekubali."

"Mama Odeta."

"Haya, haya. Ngoja nivae."

Kuvaa kwa Mama Odeta kulijulikana mtaa mzima. Padri alikuwa anaweza kuanza misa, akahubiri, akakusanya sadaka na kufunga kanisa, Mama Odeta bado anatafuta pini. Banza akarudi kwa dirisha lile lile. Ndipo aliposikia mlango wa mbele ukilia.

Solange alikuwa ameamka. Alikuwa amesikia sauti ya bibi yake.

Banza alifika dirishani na kumwona mwanawe, miguu mitupu, akikimbilia pale palipolimwa. Udongo uliokaa miezi sita bila kuguswa ulikuwa umepinduliwa, mwekundu, mlaini kama unga. Mtoto akaketi katikati yake. Akachota kwa mikono miwili, akamwaga juu ya paja. Mama Numbi akacheka, akasema, "Njoo umsaidie bibi, mama yangu mdogo," akampa bonge la nyasi alitupe pembeni. Vumbi likapanda likawafunika wote wawili. Kisha Solange akaweka vidole mdomoni, kama afanyavyo akifurahi.

Banza hakukumbuka baadaye alivyopita mlangoni. Alikumbuka baridi kwenye mapaja.

"Acha," alisema. "Mama, acha. Hiyo ni sumu, mama, acha jembe."

Alilishika jembe kwa mkono mmoja na kumnyakua mtoto kwa mwingine. Mama Numbi akaliachia, akaanguka magoti, akavuta kitenge cha begani na kujifunika kichwa chote. Akabaki hivyo, kifurushi kidogo juu ya udongo, hatikisiki. Banza akasimama juu yake na kaptula ya kulalia, jembe mkononi, mtoto analia kwapani.

Mama Odeta akatokea langoni, amevaa vizuri, na pini zote.

---

Mama Solange alirudi na unga kichwani akakuta mama yake ameshafunga mzigo.

"Ungenisubiri," alimwambia mumewe. Waliongea jikoni kwa sauti ya chini, yeye akimsugua Solange kwenye beseni kwa mara ya tatu.

"Nikusubiri mpaka mtoto ale uwanja wote?"

"Ungeita mtu."

"Nilimwita Mama Odeta."

"Basi hukuita mtu." Akamwaga maji, akajaza mengine. "Umemsimamia mama yangu kichwani na jembe. Na kaptula. Bukama nzima itajua kabla treni haijapita stesheni ya Tenke."

"Kwa nini hukumwambia jana?"

Mkewe akasugua vidole vya mtoto, kimoja kimoja, muda mrefu.

"Nimwambie nini? Ameshuka miguu imevimba. Nimwambie, mama, karibu, hapa tunakaa juu ya sumu, mjukuu wako anayo damuni? Alinitoa kwake nikiwa mzima. Niliona aibu. Nikasema nilale kwanza na aibu yangu, kesho nitamwambia."

Banza akachukua ndoo, akaenda kumchotea maji mengine.

---

Baraza lilikaa mchana huo huo kwa Mama Odeta. Msemaji wa ukoo wa mke alikuwa mjomba Kaloba, aliyekata tikiti za reli miaka thelathini na bado aliwatazama watu kama wanaotaka kusafiri bure. Mama Numbi alikaa chumbani, nyuma ya pazia.

"Swali la kwanza," alisema Kaloba. "Alikuwa amevaa nini?"

"Kaptula," akajibu Mama Odeta.

"Sikukuuliza wewe."

"Lakini niliyeona ni mimi."

"Ndefu au fupi?"

"Ingekuwa barua, ingeishia kwenye salamu."

"Niliishona mwenyewe," Banza alisema. "Inafika gotini."

"Basi goti lako liko juu kuliko la watu wengine," alisema Kaloba. "Swali la pili. Ulimgusa?"

"Nilishika jembe."

"Jembe lilikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwake."

"Basi ulimgusa. Swali la tatu silihitaji." Akanywa kinywaji chake cha munkoyo, akafuta mdomo. "Mbuzi mmoja, asiwe wa kukohoa. Kitenge kipya, doti nzima. Mbuzi akishaliwa, mdomo umefunguliwa, mtaweza kusalimiana kama watu. Kabla ya hapo, ukimwona, ingia hata kwenye pipa."

"Mjomba, na nyasi zangu? Amelima mistari sita. Zile nyasi ndizo zinazomweka mtoto wangu hapa."

Kaloba akamtazama kwa huruma ya karani ambaye dirisha lake limeshafungwa. "Nyasi hazina mjomba hapa," alisema.

Banza aliuza pasi yake ya pili. Mbuzi alipatikana Jumamosi, akakaguliwa kifua, akaliwa kwa ugali wa bukari mpaka kwato. Mdomo ukatangazwa umefunguliwa. Banza na mama mkwe wake wakakaa pande mbili za ukuta mmoja na hakuna aliyetoa hata neno.

---

Jumatatu alikuja Bibi Kapinga wa chuo, msichana mwembamba mwenye viatu vya mpira na daftari. Alitembea mstari kwa mstari, akachuchumaa, akainua bonge moja lililokauka, akalipiga vumbi kwa upole, akalirudisha chini.

"Nani kati yenu amezing'oa?" aliuliza.

"Ni habari ndefu," alisema Banza. "Zirudishe ardhini. Nitazimwagilia mimi."

"Kwa maji gani?"

"Ya bomba."

"Mnayapata mara ngapi?"

"Mara mbili kwa wiki. Wakikumbuka."

"Sasa hivi haziwezi kushika, Baba Solange. Kiangazi kimeingia. Nikipanda leo nitakuwa nakupandia majani makavu. Zinataka mvua, na mvua ni mwezi wa kumi na moja." Akatazama mistari minne iliyobaki, iliyosimama upande wa ukuta kama watu waliokosa pa kuketi. "Hizi ni nzuri. Zitunze. Lakini upepo wa mwezi wa saba haujui nusu ya uwanja. Mtoto atafutiwe mahali."

Kutoka upande wa pili wa ukuta ikaja sauti ambayo Banza alikuwa ameisikia mara moja tu, asubuhi ya jembe.

"Mwambieni huyo mtoto wa chuo aje huku."

Bibi Kapinga akazunguka. Banza akasimama alipo, sikio ukutani, bila aibu tena.

"Hiyo sumu unayosema," Mama Numbi aliuliza, "mtu akilima anaiona?"

"Hapana, mama."

"Ina harufu?"

"Haina."

"Binti yangu anafagia hapo tangu aolewe?"

"Alikuwa anafagia. Tulipopanda nyasi tukamwambia aache."

Banza alisikia kuku wa Mama Odeta akijikuna.

"Mimi ndiye niliyemfundisha kufagia," Mama Numbi alisema. "Nilimpiga akiacha hata jani. Haya. Nitamchukua mtoto. Kwangu hakuna bomba la moshi, kuna mto na muhogo. Mvua ikirudi, nyasi zikishika, mje kumchukua."

---

Banza alisema hapana. Alilisema kwa mkewe, kwa Kaloba, kwa nesi alipokwenda kumwuliza kama hakuna dawa ya kunywa. Nesi alisema dawa ipo kwa wale waliofika mbali zaidi, na kumpa dawa mtoto anayerudi kukaa kwenye vumbi lile lile ni kuchota maji kwa chujio.

"Unataka tumweke wapi?" Mama Solange aliuliza. "Juu ya meza?"

Banza akamweka juu ya meza. Siku mbili Solange aliishi kwenye meza ya kukatia vitambaa, na kikombe chake, na mwanasesere aliyeshonewa kwa mabaki ya sare za shule. Wateja walimkuta hapo wakauliza bei yake. Banza alishona huku jicho moja likiwa juu ya mtoto, akashona mkono wa blauzi kwenye shingo, akaufumua, akaushona tena pale pale. Alifunga madirisha, chumba kikawa tanuri. Akayafungua, vumbi likaingia kama mgeni aliyealikwa. Siku ya pili alitoka kumpokea mteja langoni, maneno kumi hivi, kurudi meza ilikuwa tupu.

Alimkuta nyuma ya choo, kwenye udongo uliolimwa. Alikuwa anapika bukari. Mdomo wote ulikuwa mwekundu.

"Baba, kula," alisema Solange, akamnyooshea kiganja.

Jioni hiyo Banza alishona gauni tatu ndogo, akaziwekea pindo refu, za kufumuliwa mtoto akirefuka.

---

Treni ya Bukama ilitangazwa saa tatu asubuhi. Saa tano ikatangazwa tena, kwa sauti ile ile, kama habari mpya. Kwenye reli ya pili mabehewa ya mawe ya madini yalikuwa yamesimama bila turubai, na kila upepo ulipopita uliinua kutoka juu yake vumbi la kijani na kulishusha taratibu kwenye jukwaa, juu ya mikeka, vifurushi, mikate na vichwa.

Kaloba alikwenda kuwaonyesha makarani wapya jinsi kazi ilivyokuwa ikifanywa zamani. Mama Solange alikuwa amelia mpaka akakauka, sasa alikwenda kutafuta chikanda cha kula na maji ya njiani, jambo lililohitaji masoko mawili. Wakabaki watatu. Mama Numbi alisimama karibu na mzigo wake, amembeba Solange. Banza alisimama hatua tatu nyuma, amegeukia ukuta, akisoma bei za tikiti za mwaka ambao hakuwa ameoa.

Solange alitaka kushuka. Alipiga mateke, akalegea, akajifanya amelala, akapiga mateke tena. Watoto wengine walikuwa wanakimbizana chini, wakiteleza kwenye lile vumbi.

"Bibi, chini."

"Hapana chini," alisema Mama Numbi. "Chini kumefungwa."

"Kumefungwa na nani?"

"Na mimi."

Mwanamke mmoja akamsogezea kona ya mkeka. "Mweke hapa, mama. Unajiua bure, huyo ni mkubwa sasa."

"Asante, mwanangu. Nimezoea."

Banza hakugeuka, lakini alianza kuisikiliza mikono ya mama mkwe. Alisikia mtoto akihamishwa kutoka kushoto kwenda kulia. Baada ya muda, kulia kwenda kushoto. Kisha mahamisho yakawa ya karibu karibu, na pumzi ya yule mzee ikawa na mluzi ndani yake. Saa sita ikapita. Miguu yake ilikuwa bado imevimba ya safari ya kuja. Banza aliiona kwa pembe ya jicho, ndani ya ndala za bluu, na hakuitazama zaidi.

Upepo ukaja kutoka kwenye mabehewa. Mama Numbi akamfunika Solange uso kwa kitenge kipya, kile cha faini, akageuka kuukwepa, na kwa kugeuka akajikuta amemwelekea mkwe wake.

"Baba Solange."

Banza akaangalia nyuma yake, ajue anaitwa na nani.

"Mikono yangu imekufa," Mama Numbi alisema. Alikuwa anatazama vifungo vya shati la Banza, haendi juu ya hapo. "Na chini simweki."

Banza akapiga hatua tatu. Hakujua mtu anampokeaje mtoto kwa mama mkwe bila kumgusa, na kumbe hakuna namna. Mikono yake ilipita chini ya mikono ya yule mzee, iliyokuwa mikavu, na kwa muda kidogo wote wawili walimshika Solange pamoja kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika kwamba mwenzake amemshika.

"Umempata?"

"Nimempata, mama."

Mzee akaachia. Akainyoosha mikono mbele yake, akaifumba na kuifumbua. Solange akaweka kichwa shingoni mwa baba yake, mzito, na joto, na harufu ya sabuni.

"Ukichoka utasema," alisema Mama Numbi.

"Nitasema."

Hakusema. Alimbeba mpaka bega likafa ganzi, na hata hapo mama mkwe ndiye aliyenyoosha mikono bila kuulizwa. Wakapokezana hivyo, yeye kwake na yeye kwake, mchana wote, wasitazamane, mtoto asikanyage chini, na treni ilikuwa bado haijaonekana.